Sisi ya Wawili

Jumatatu, 10 Novemba 1879

Mashine mbili za kuvunia zimefika leo kutoka karakana ya Bwana Rasch, zikiwa zimefungwa nyuma ya magari ya farasi na kupakwa rangi nyekundu ambayo ilikuwa bado haijakauka. Najua haikuwa imekauka kwa sababu Jurij Pjech alikalia moja kabla sijamkataza.

"Mwalimu," alisema, akijipinda ajitazame nyuma, "hii rangi umeniuzia au umenipa?"

"Nimekupa. Suruali ni yako na hasara ni yako."

"Basi Jumapili nitaivaa kanisani, watu wajue una bidhaa mpya."

Watu wote wa Nowa Hora huniita Mwalimu, ingawa niliacha darasa zamani nikafungua duka. Nawauzia sukari, chumvi, mafuta ya taa, sindano, misumari na sabuni. Ngano inapoanza kugeuka rangi, nawauzia mashine. Kwetu Lusatia, huko Ujerumani, mashamba yalikuwa membamba na mikono mingi. Hapa Australia Kusini ni kinyume, na anayeng'ang'ania mundu huvuna nusu, nusu nyingine huvunwa na upepo.

Mimi huandika shajara kila msimu wa mavuno kwa ajili ya hali ya hewa. Tangu mke wangu Hańža afariki, naandika na mengine, kwa kuwa jioni sina wa kumwambia.

Jumatano, 12 Novemba

Joto la kawaida. Nimeuza magunia, grisi na ndoo moja.

Jumamosi, 15 Novemba

Bi Madlena Lorencowa amekuja na mwanawe Měrćin kutazama mashine. Amekuwa mjane kwa miaka sita sasa, naye ana shamba kando ya kijito kikavu. Mwaka jana alingoja aazimwe mashine na jirani. Alipoipata, upepo wa kaskazini ulikuwa umeshamwaga ngano yake chini. Amesema wazi kwamba mavuno yakiharibika tena atauza shamba, na Februari ataondoka na familia zile zinazohamia nchi mpya ya mashariki, Wimmera.

Nisiandike kwa kuzungukazunguka. Sitaki aondoke.

Alizunguka mashine mara mbili kama anayenunua farasi.

"Inakula kiasi gani, hii?"

"Haili, Bi Madlena. Inavuna."

"Kila kinachofungwa kwenye farasi kinakula, Mwalimu. Kama si majani, ni vyuma."

Měrćin alikuwa ameinama mbele, akipitisha kidole kwenye meno marefu ya chuma yanayokwanyua masuke. "Mama, ina kitana kama chako."

"Changu kina meno yote. Toka hapo kabla hakijakuchana." Kisha akanigeukia. "Haya, tunaichukua."

Alisema *mój*. Lugha yetu ya Kisorbi, ambayo Wajerumani huiita Kiwendi kana kwamba hatukujipa jina wenyewe, ina sisi mbili. Ipo *my*, sisi ya watu wengi: kanisa, kijiji, wavunaji. Na ipo *mój*, sisi ya watu wawili tu: mume na mke, mzazi na mwanawe, marafiki wawili njiani. Kitenzi nacho hubadilika mwisho wake. Wajerumani hawana kitu hicho, wala Waingereza. Niliwafundisha watoto wa hapa kwa ukali, lakini sasa vijana wengi hutumia sisi ya wengi hata wakiwa wawili chini ya mwavuli mmoja.

Bi Madlena alikuwa sahihi. Yeye na Měrćin ni wawili. Nikaandika jina lake kwenye mashine kwa chaki, na nikaona kwamba tangu Hańža afe mimi mwenyewe sijawahi kuhitaji kusema *mój*.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua isiyo na adabu, wakati huu wa mwaka. Ngano imelala, kisha imeinuka.

Alhamisi, 27 Novemba

Joto limerudi. Kila anayekuja dukani namweleza jambo lile lile, naye hutikisa kichwa kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Kwetu Lusatia tulianza kuvuna alfajiri, umande ukiwa bado kwenye mabua, kwa sababu umande huzuia punje zisidondoke. Kengele ya mchana ikilia, tulisali na kupumzika kivulini. Mundu ulipenda hivyo. Mashine hii inataka kinyume chake kabisa. Kitana kinakwanyua suke, na mbao zinazozunguka kwa ndani zinalipiga mpaka punje ziingie sandukuni. Bua lenye unyevu halikatiki. Linajizungusha kwenye mhimili kama uzi. Lazima jua lipande, bua likauke, ulivunje kwa vidole ulisikie likilia. Kisha uvune mchana kutwa, katika saa zile zile ambazo baba zetu walikuwa wamelala.

Nilimweleza Bi Madlena aliponunua chumvi.

"Saa nne asubuhi ndipo nianze?" alisema. "Marehemu mume wangu saa nne alikuwa ameshamaliza theluthi ya shamba na kumtukana kila mtu."

"Marehemu hakuwa na mashine."

"Angekuwa nayo angeitukana pia."

Sikupata uhakika kwamba alinisikia.

Jumanne, 2 Desemba

Měrćin amekuja saa tatu asubuhi juu ya farasi asiye na tandiko.

"Mwalimu, mashine yako imeshiba."

"Imeshiba nini?"

"Mabua. Imejizongea mpaka hata farasi wanne hawawezi kuivuta. Mama anasema uje uichukue, na anasema na mengine ambayo siyarudii, maana wewe ulinibatiza kwa fimbo ya shule."

"Mlianza saa ngapi?"

Akatazama masikio ya farasi. "Jua lilipochomoza. Tulisimama ukingoni mwa shamba, tukaimba wimbo wa mavuno kama kawaida."

"Beti ngapi?"

"Zote."

"Na umande?"

"Umande ulikuwepo. Ulisikiliza mpaka mwisho."

Nimemwambia asiguse chochote na kesho nitakuja mwenyewe. Makosa ya namna hii ni yetu peke yetu. Mwingereza angeanza vibaya kwa uvivu, Mjerumani kwa ubishi. Sisi tunaharibu mashine kwa ibada.

Jumatano, 3 Desemba

Nilifika kwake mapema nikiwa na kisu na mafuta. Bi Madlena alikuwa amesimama kando ya mashine, mikono ameikunja kifuani, kofia ya majani kichwani.

"Hii hapa," alisema. "Nyekundu na nzuri, na haifai hata kufugia kuku."

Nilivua koti, nikalala chini ya sanduku, nikaanza kukata mabua yaliyojiviringisha kwenye mhimili. Yalikuwa yamekaza kama kamba ya meli. Aliniangalia kwa muda. Nikaona viatu vyake vikija, kisha magoti, kisha uso wake chini ya mashine.

"Mwalimu, una miaka mingapi?"

"Sitini na mmoja."

"Basi toka. Ukifia hapa nitamwambia nini mchungaji?"

Hakungoja nitoke. Aliingia upande wa pili, na tukavuta mabua kila mtu kwa upande wake mpaka mhimili ukazunguka kwa mkono. Tulipotoka jua lilikuwa limepanda kidogo tu. Nilivunja bua. Lilipinda bila sauti.

"Bado," nilisema.

"Měrćin," alimwita mwanawe, "wapeleke farasi wanywe, kisha ujaze pipa la maji."

Tukakaa kwenye mti wa kufungia farasi, ule unaotokeza mbele ya mashine. Alitoa bakuli lililofunikwa kitambaa: viazi vya kuchemsha, maziwa ya mgando na mafuta ya kitani juu yake, manjano kama dhahabu. Ni chakula cha kwetu hasa. Mafuta hayo nayaagiza mimi mwenyewe na huwa yanafika yameanza kuchacha, lakini haya hayakuwa yamechacha. Alikuwa na kijiko kimoja. Alikula kidogo, akakifuta kwa aproni, akanipa.

Tulizungumza. Aliniuliza kama Hańža alipenda nchi hii. Nikasema alipenda anga lake na kuchukia inzi wake. Alisema mume wake hakupenda chochote, lakini alipenda kwa bidii kutopenda, na nyumba imekuwa kimya mno bila manung'uniko yake. Nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka kabla ya chakula cha mchana.

Měrćin alirudi. Mama yake akamtuma kisimani tena.

Nilivunja bua jingine. Lilipinda, lakini safari hii kwa kusitasita.

"Usiliharakishe, Mwalimu," alisema, akitazama shamba lake lote lile la manjano. "Tungoje tu. Tumeshazoea kungoja."

Alisema *mój*. Alisema kwa mwisho ule wa kitenzi ambao nimeufundisha maisha yangu yote. Měrćin alikuwa mbali kisimani, na farasi hawahesabiwi. Wawili tuliokuwepo tulikuwa yeye na mimi. Nilikuwa nimeshika bua mkononi nikasahau kulivunja.

Kama saa nne na nusu bua lililia. Měrćin alipanda, akawahimiza farasi, na mashine ikaingia katika ngano kwa sauti kama mvua kwenye bati. Tulipofungua sanduku mara ya kwanza, Bi Madlena alitia mikono yote miwili ndani mpaka viwiko, akaiacha humo.

Kisha kengele ya kanisa ikalia mchana, na bonde zima likasimama. Jua lilikuwa kali, mabua makavu kama kiberiti, saa bora kuliko zote. Měrćin alimtazama mama yake. Bi Madlena alivua kofia, akasali akiwa amesimama, akaivaa tena.

"Haya, endesha," alisema. "Mungu ameniona nikisimama. Hakusema nikae."

Nimerudi nyumbani jioni nikiwa na mafuta mpaka kwenye nyusi. Sijawasha moto. Sina haja ya chakula.

Ijumaa, 5 Desemba

Joto. Shwari. Shamba lake limefika nusu.

Jumapili, 7 Desemba

Wanaume kulia, wanawake kushoto, kama siku zote. Mchungaji amehubiri. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu siwezi kuandika alihubiri nini.

Alhamisi, 11 Desemba

Upepo wa kaskazini umekuja tangu asubuhi, ukibeba vumbi jekundu na harufu ya moto wa mbali. Hakuna aliyekuja dukani. Wote wako shambani wakishindana nao. Nilisimama mlangoni nikitazama upande wa kijito. Mara vumbi lilipopungua niliona doa jekundu likienda na kurudi, likienda na kurudi. Jurij amepoteza ngano ya uwanda wa juu wote. Jioni Měrćin alipita akinywa maji kutoka kwenye kofia.

"Tumemaliza, Mwalimu! Upepo umekuta mabua matupu. Mama anacheza huko uani."

"Anacheza na nani?"

"Na ufagio."

Jumatatu, 15 Desemba

Nimejaribu kutunga sentensi moja ya kumwambia. Niliianza kwa hali ya masharti, "Kama Bi Madlena angeona inafaa," ikawa ndefu na ya uoga. Nikaianza kwa hali ya amri, ikawa kama namwita mtoto ubaoni. Nikaifanya swali. Swali lilikuwa sahihi, halikuwa na kosa hata moja, na lingeweza kuulizwa na karani wa mahakama.

Nitamwambia baada ya Krismasi, atakapomaliza kupepeta.

Jumamosi, 20 Desemba

Duka limejaa watu wa Krismasi. Jurij alikuja kununua mishumaa, na Měrćin alikuja kuchukua sukari ya mama yake.

"Mama amesema tuchukue na zabibu kavu," alisema Měrćin, akitumia sisi ya wawili, kisha akajicheka. "Unaona? Nimeshaambukizwa."

"Umeambukizwa nini?" niliuliza.

"Hii *mój* ya mama. Tangu baba afe nyumbani tupo wawili tu, basi imemkaa ulimini haitoki. Anaisema kwa kila mtu. Juzi alimwambia ng'ombe, 'Haya, twende sisi wawili tukakamue.'"

Jurij aligonga kaunta kwa kucheka. "Hata kwangu! Mwezi uliopita tulikuwa watu saba tunarekebisha paa la kanisa, akasema, 'Tupumzike sisi wawili.' Mke wangu alininunia siku nzima."

"Hata Baba Yetu anasali kwa wawili," alisema Měrćin. "'Utusamehe sisi wawili makosa yetu.'"

"Mungu ameshamzoea," alisema Jurij. "Mwalimu, mbona hucheki? Hii ni kazi yako, umrudishe darasani!"

Nilipima zabibu. Nilizidisha, kwa kuwa sikuwa natazama mizani.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Joto kali. Tuliimba.

Ijumaa, 9 Januari 1880

Bi Madlena amemaliza kupepeta. Wote wanakubali kwamba hakuna ngano nzuri kuliko yake mwaka huu hapa Nowa Hora, na watu watatu wamekuja kuuliza habari za mashine kwa ajili ya msimu ujao. Ile ya pili haijanunuliwa. Iko uani kwangu, kuku wanataga ndani ya sanduku.

Nilifikiri mavuno mazuri yatanifurahisha. Nilijenga nyumba nzima juu ya silabi moja, mtu wa umri wangu. Mwanafunzi angefanya hivyo ningemsimamisha pembeni.

Jumamosi, 17 Januari

Bi Madlena alikuja leo akiwa na uso wa kicheko. Alikuwa na Měrćin. Jurij na mkewe walikuwa kaunta.

"Mwalimu, mavuno yameisha, na bata wangu mmoja amenenepa kwa kula ngano ya watu. Kesho baada ya ibada uje nyumbani. Tule, tushukuru."

Alisema kwa *mój*. Nami, badala ya kusema ahsante, nilisikia ng'ombe na paa la kanisa.

"Ya wengi, Bi Madlena," nilisema. "Hapa tuko watano. Mwisho wa kitenzi sio huo."

Jurij alianza kucheka, akaacha. Mkewe alitazama vifungo kwenye kikapu. Bi Madlena hakugeuza uso. Rangi ilimpanda kutoka shingoni polepole, ikafika mpaka chini ya kitambaa cha kichwa. Kisha akanijibu kwa Kijerumani, Kijerumani kizuri cha ofisini:

"Nashukuru kwa masahihisho, Bwana Kubica."

Akaondoka bila kuchukua alichokuja kununua. Kijerumani hakina sisi ya wawili.

Jumapili, 18 Januari

Sikuenda kwa bata. Sikuitwa tena.

Jumamosi, 24 Januari

Amekuja kununua chumvi na nyuzi. Kijerumani tu. "Tafadhali," "kiasi hiki," "kwa heri." Nilimjibu kwa Kisorbi kila mara, na kila mara alingoja nimalize kama mtu anayengoja treni ipite.

Nyumba hii ina saa moja ya ukutani, nayo inasikika mno.

Jumamosi, 31 Januari

Jurij alifunga mlango wa duka nyuma yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Wewe mzee," alisema, "wewe ungeweza kuisahihisha mvua."

"Nilisema ukweli."

"Ukweli gani? Mwanamke amekuja kukualika chakula, wewe umempa mtihani. Sasa sikiliza. Ameuza shamba. Měrćin alikuwa anataka mashariki tangu mwanzo, yeye ndiye aliyekuwa anakataa. Wiki iliyopita ameacha kukataa. Magari yanaondoka Alhamisi, tarehe kumi na mbili."

"Lakini mavuno yalikuwa mazuri. Alisema yakiwa mazuri atabaki."

"Hivi wewe unafikiri mtu hubaki kwa ajili ya ngano?"

Alinunua tumbaku kwa haya, akaondoka.

Alhamisi, 5 Februari

Nimekwenda kwake. Nilimkuta anafunga sahani kwa majani makavu na kuzipanga ndani ya sanduku kubwa.

"Bwana Kubica anahitaji nini?" kwa Kijerumani.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa sababu ya sarufi?"

"Kwa kuisema mbele ya watu."

"Ungeisema faraghani ningekasirika vilevile."

Sentensi yangu ya Desemba haikuwa na maana tena, kwa hiyo nilisema vibaya, bila mpangilio, nikirudia maneno. Nilimwambia nilichosikia siku ile shambani tukingoja bua likauke. Nilimwambia nilirudi nyumbani na sikuwasha moto. Nilimwambia jinsi Měrćin alivyonieleza kuhusu ng'ombe.

Alisimama na sahani mkononi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku, na alipopata pumzi alisema kwa Kisorbi:

"Ni kweli. Namwambia ng'ombe. Nyumba ilikuwa ya watu wawili, ulimi ukazoea, nifanyeje? Lakini Mwalimu, ng'ombe sikumpa kijiko changu."

Nilivua kofia, nikaishika kwa mikono miwili.

"Na Měrćin nilimtuma maji mara mbili. Pipa lilikuwa limejaa tangu jana yake. Maskini aliyamwaga ili apate pa kuyatia. Wewe ulisikiliza mwisho wa neno mpaka hukusikia kitu kingine."

"Basi usiende," nilisema. "Bi Madlena, nakuomba uolewe nami."

Aliweka sahani chini taratibu. "Ungesema hivyo Desemba nisingefunga hata kikombe. Sasa shamba ni la mtu mwingine, na mwanangu ameshatoa neno lake. Siwezi kumwacha aende kuanza kwenye pori tupu peke yake." Akanitazama. "Huko hakuna duka, Mwalimu. Watu wote hawa, na mtu wa karibu wa kuwauzia sindano yuko mwendo wa siku mbili."

"Nimefungwa na mkataba wa Bwana Rasch. Mashine moja haijauzwa. Nimetia sahihi kwamba nitaitunza mpaka aje, na atakuja Jumatatu, tarehe kumi na sita."

"Magari yanaondoka Alhamisi."

"Najua."

"Basi tunza mashine."

Alinisindikiza mpaka mlangoni. Nilipokuwa nimeshafika kwenye lango aliniita.

"Sijasema ndiyo, ujue. Wala sijasema hapana. Nimesema huko hakuna duka."

Jumanne, 10 Februari

Sikulala vizuri. Nimehesabu bidhaa, nikazihesabu tena, bila kujua nahesabu kwa ajili gani.

Alhamisi, 12 Februari

Wameondoka. Mchungaji alisali, kengele ikalia, na wanawake wanaobaki walilia kuliko wanaokwenda. Gari la Bi Madlena lilikuwa la tatu, na mashine nyekundu imefungwa nyuma, meno ya kitana yamevikwa magunia ili yasichome ng'ombe wa gari linalofuata.

Nilimpa kifurushi cha sindano na chupa ya mafuta ya kitani. Alivipokea kwa mikono miwili. Měrćin alinishika mkono kwa nguvu, akageuka kuwahimiza farasi. Sikusikia Bi Madlena alisema nini gari lilipoondoka, kwa sababu magurudumu yalipiga kelele. Niliona midomo tu.

Vumbi lao lilionekana mpaka adhuhuri.

Jumatatu, 16 Februari

Bwana Rasch amekuja. Amepiga teke gurudumu la mashine, akatazama mayai ya kuku ndani ya sanduku, akanitazama mimi.

"Kubica, unaonekana kama mtu aliyelala ndani ya mashine hii."

Nilimweleza kwamba huku waliobaki kununua ni watatu tu, na kwamba familia nyingi zimehamia mashariki ambako hakuna wakala.

"Unataka nitume mtu huko?"

"Ndiyo."

"Kijana?"

"Mzee," nilisema.

Alicheka, kisha akaona sicheki. Tumeandika mkataba mpya hapo hapo kwenye kaunta. Duka atalichukua Jurij na mkewe. Jurij ameshaanza kuwauzia watu ushauri.

Jumatano, 18 Februari

Nimepita makaburini. Nimemwambia Hańža ninakokwenda na kwa nini. Nilitumia sisi ya wawili, kwa mara ya mwisho kwake, na haikuwa kosa.

Kisha nimefunga gari: sukari, chai, mafuta ya taa, misumari, vitambaa, dawa ya kikohozi. Mashine inafuata nyuma.

Jumatatu, 23 Februari

Njia ni ya mchanga, farasi anachoka. Visima tunavyonywea vilichimbwa na wenyeji wa nchi hii, ambao siku hizi siwaoni kandokando ya barabara kama zamani. Nimekutana na mchunga kondoo mmoja. Amesema magari mengi yalipita, watu wakiimba.

Alhamisi, 26 Februari

Nimevuka mto mkubwa kwa pantoni. Mwendeshaji, Mwingereza mwenye jicho moja, aliiona mashine akaguna.

"Nyingine tena! Wiki hii kuna mama mmoja alibishana nami asubuhi nzima kama mashine ilipiwe kama gari au kama mnyama."

"Ilikwishaje?"

"Alishinda. Ilivuka kama mbuzi." Akanitazama kutoka kofia mpaka viatu. "Wewe ndiye mzee wa duka?"

Nikamuuliza amejuaje.

"Alisema huenda akaja mzee mmoja mkali, mwenye duka kwenye gari. Kila jioni mpaka walipoondoka alikuja ukingoni hapa kutazama ng'ambo. Nikamwambia, mama, anayekuja atakuja. Akaniambia niseme nawe Kiingereza sanifu, la sivyo utanisahihisha."

Nilimlipa. Nadhani nilimlipa mara mbili.

Jumapili, 29 Februari

Asubuhi hii nimefika mahali walipolala. Majani yamelazwa na magurudumu, na kuna maduara ya mioto kadhaa, mawe yamepangwa vizuri kama tunavyopanga sisi. Nilipiga magoti nikatia mkono katika majivu ya duara la tatu. Juu yalikuwa baridi. Chini yalikuwa na joto.

Basi waliondoka hapa jana. Leo ni Jumapili, na watu wetu hawafungi farasi Jumapili. Popote walipofika jana jioni, wapo hapo mpaka kesho, wamekaa, wanaimba.

Tangu nizaliwe sijawahi kusafiri siku ya Bwana. Nimewatoa watoto darasani kwa kosa dogo kuliko hilo. Nimesimama hapa muda mrefu, kitabu cha nyimbo mkononi, nikiitazama njia yao inavyoingia kwenye miti.

Farasi ameshanywa maji. Namfunga.